Barua Mia na Kumi na Nane

Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Stempu aligawa barua za watu, na katika miaka yote hiyo hakusoma hata moja. Msidhani natia chumvi. Hata zile kadi zenye picha upande mmoja na maneno upande wa pili, ambazo kila mwenye macho angeweza kuzisoma bila kumkosea mtu, yeye alizibeba picha ikiwa juu. Akifika mlangoni anaitoa hivyo hivyo, anageuza uso pembeni kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga, na anasema, "Hii yako." Basi. Jina la Stempu alipewa na watoto wa mitaani, naye alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake.

Alipostaafu, sifa yake ilikuwa moja tu, na aliitunza kama wengine wanavyotunza hati za shamba: hakuna barua iliyopotea mkononi mwake. Mkewe alichoka kuisikia. "Haya, tumesikia," alikuwa akimwambia wageni wakiwepo. "Sasa funguo za nyumba umeweka wapi?"

Kwa hiyo mpwa wake alipoamua kugombea udiwani, kila mtu alijua Mzee Stempu atapewa kazi gani. Mpwa huyu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na watu walimwita Mwalimu tu, hata wazee waliomzidi umri mara mbili. Mama yake, dada wa Stempu, alifariki mtoto akiwa na miaka mitano, na tangu siku hiyo alilelewa na mjomba. Aliyekuwa akishindana naye ni diwani wa vipindi vitatu, mwenye malori sita na sauti ya kutosha malori kumi. Huyo aliitwa Bwana Lori.

Ofisi ya kampeni ilikuwa sebule ya Mwalimu. Makochi yalisukumwa ukutani, mabango yalilala chini ya meza, na juu ya meza kulikuwa na marundo mawili ya karatasi. Kisa cha marundo mawili ni hiki. Watu wa Mtaa wa Juu walizoea kupigia kura shule ya msingi. Mwalimu akachapisha barua za kuwakumbusha waende shule. Kabla hazijatoka, ofisi ya uchaguzi ikatangaza kwamba safari hii Mtaa wa Juu watapigia kura zahanati, upande wa pili wa kilima. Ikabidi zichapishwe nyingine. Za zamani zilitakiwa kutupwa. Hazikutupwa. Wiki mbili za kampeni zilikuwa zimewaacha wote hoi, na wanawake waliojitolea kukunja barua na kuzitia kwenye bahasha walikunja kile kilichokuwa karibu na mkono.

Mwalimu alimkabidhi mjomba wake bahasha mia na kumi na nane, zimefungwa kwa gundi, kila moja na jina la mpiga kura juu yake. Mtaa wa Juu ndio uliokuwa tegemeo lake, maana karibu kila nyumba pale ilikuwa na mtoto aliyefundishwa naye kusoma. Alimwambia jambo moja, mlangoni, huku anatafuta kiatu chake cha pili.

"Mjomba, kabla hujaondoka fungua moja uisome, uhakikishe wameandika zahanati. Mimi kichwa changu kimejaa."

"Sawa, mwanangu."

Alisema sawa. Akakaa barazani akazipanga bahasha kwa mtindo wake wa siku zote, siyo kwa alfabeti bali kwa mguu: nyumba ya kwanza juu, ya mwisho chini. Akashika ya juu, akaigeuza. Ilikuwa na jina la fundi cherehani wa pale kona. Kidole kikagusa gundi. Na hapo, mabibi na mabwana, miaka thelathini na mmoja ikamkatalia. Alijiambia kwamba barua ya mtu ni ya mtu, na kwamba waliozikunja si watoto wadogo. Akapanda baiskeli. Kabla ya jua kuzama, bahasha zote mia na kumi na nane zilikuwa mikononi mwa wenyewe, naye alimwambia kila mmoja, "Nimekuletea mkononi, usije ukasema hukupata."

Siku ya kura aliamka mapema, akavua kofia ya kampeni kwa kuwa sheria hairuhusu kuivaa kituoni, akaenda kupiga kura yake shuleni. Yeye hakuwa wa Mtaa wa Juu. Foleni ilizunguka darasa zima hadi kwenye vyoo. Akiwa katikati ya foleni akaona nyuso za Mtaa wa Juu mbele yake, na moyo wake ukafurahi kwamba wamejitokeza mapema. Ilimchukua muda, sijui kwa nini, kujiuliza wanafanya nini pale.

Bibi mmoja akatoka chumba cha kura anachechemea. Alijulikana kama Bibi wa Geti Jekundu, na magoti yake yalikuwa yamemtangulia kuzeeka. "Mwanangu Stempu," alisema, "nimesimama hapa tangu saa moja. Wanasema jina langu halipo."

Karani wa mlangoni alimsikia. "Mtaa wa Juu wote ni zahanati, Bibi. Nimeshasema mpaka koo limekauka. Wenzako kibao wamesharudi nyumbani wanatukana."

"Lakini barua imesema shule," Bibi akajibu, na akamnyooshea Stempu karatasi.

Aliichukua. Ilikuwa barua ya kwanza ya mtu mwingine kuisoma maishani mwake, na ilikuwa na mistari minne tu. Kituo chako cha kupigia kura ni shule ya msingi. Jina la Mwalimu chini, na sahihi yake. Alisoma tena, kana kwamba ya pili ingekuwa na huruma kuliko ya kwanza, kisha akaangalia saa ya ukutani ndani ya darasa. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini, na vituo vinafungwa saa kumi.

Alitoa simu, akaitafuta namba ya Mwalimu, akaitazama. Akairudisha mfukoni. Tusimpambe mtu kwa sababu ni mzee: aliogopa. Angeanzaje? Angemwambia nini mtoto aliyempa kazi moja yenye agizo moja? Badala yake aliwatoa kwenye foleni watu wanane wa Mtaa wa Juu aliowaona, akawaelekeza zahanati, akamwomba Bibi akapumzike nyumbani kwanza, na yeye akaruka kwenye baiskeli. Kura yake mwenyewe aliiacha pale pale kwenye foleni.

Kwa hesabu ya haraka, walibaki mia moja na tisa. Wengine labda walishasikia tangazo. Wengine walishaapa kutotoka tena.

Alianza na fundi cherehani, mwanamke wa maneno makali na mishono iliyonyooka. Alimkuta amerudi kazini, mguu kwenye pedali, kitambaa kinakimbia chini ya sindano.

"Dada yangu, kumetokea mabadiliko," Stempu alisema huku anahema. "Ofisi ya uchaguzi imewahamishia zahanati. Ukienda sasa hivi utawahi."

Fundi hakusimamisha mashine. "Asubuhi mmenituma shule. Saa mbili nzima juani. Sasa mnanituma zahanati. Mchana mtanituma wapi, mochwari?"

"Ni ofisi, siyo sisi. Ofisi ndiyo…"

Hapo mashine ikasimama. Fundi alimtazama juu ya miwani. "Ofisi haijawahi kuniletea barua. Umeniletea wewe. Ukasimama hapo hapo uliposimama, ukaniambia nisije nikasema sikupata. Nimepata! Sasa niambie ukweli, Mzee, au uniache nimalize sare za watu."

Ukutani kulikuwa na sare za shule zimetundikwa, kumi na mbili, na ghafla alizihesabu zote ili asimwangalie yule mwanamke machoni. "Kosa ni langu," alisema hatimaye. "Niliambiwa nifungue moja nihakikishe. Sikufungua. Nimewapelekea karatasi mbaya mtaa mzima."

"Kwa nini hukufungua?"

"Sijawahi kufungua barua ya mtu."

Fundi akatoa kicheko kifupi ambacho hakikuwa cha furaha. Akaanza kukunja kitambaa. "Mimi nitakwenda. Lakini sikiliza. Huko unakoenda, usiseme habari za ofisi. Leo kila mtu anajua kuna watu wanalipwa kuwapotosha wapiga kura. Ukisema ofisi, watakufungia mlango. Sema hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

"Mlango kwa mlango?"

"Si ndivyo ulivyozigawa?"

Basi akaenda mlango kwa mlango. Milango ile ile ambayo kwa miaka thelathini na mmoja alibisha akiwa ameinua kichwa, sasa alibisha akiwa ameinamisha. Kosa ni langu. Nilipewa agizo sikulifuata. Nakuomba, nenda zahanati. Wapo waliomhurumia, na huruma ilimuuma kuliko matusi. Mwenye duka la vifaa vya umeme alimwambia kwamba uzee si ugonjwa, ila unaambukiza wengine hasara. Mama mmoja alivaa viatu tu na kumwita mumewe. Wengine walikuwa wameshakwenda kazini mbali, na hao aliwapoteza. Kila aliyempoteza alimtaja moyoni kwa nyumba yake.

Saa saba na nusu alimfikia fundi wa kupaka rangi, aliyekuwa juu ya ngazi, ghorofa ya pili, brashi mkononi. Stempu alimweleza kutoka chini.

"Sikusikii!" mpaka rangi akapaza sauti.

"Nasema kosa ni langu! Barua zilikuwa mbaya!"

"Sema kwa nguvu, Mzee! Nani amekosea?"

Nina hakika alisikia tangu mara ya kwanza, yule fedhuli. Lakini Stempu alijaza kifua hewa na kupiga kelele ambayo hajawahi kupiga hata siku ya harusi yake. "Mimi! Stempu! Nimewapelekea barua bila kuangalia! Kura ni zahanati, siyo shule! Mimi ndiye nimekosea!"

Madirisha yalifunguliwa kushoto na kulia. Vichwa vikatoka. Mtu akauliza kuna nini, mwingine akamjibu, habari ikashuka mtaani haraka kuliko baiskeli yoyote. Ndani ya nusu saa watu walikuwa wanapanda kilima kwa makundi, wengine wakimcheka waziwazi wanapompita. Mpaka rangi naye alishuka, akafuta mikono kwenye suruali, akampiga bega. "Sasa nimekusikia," alisema.

Saa tisa na robo alikumbuka Bibi wa Geti Jekundu. Alimkuta amekaa kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Bibi, twende."

"Kwa miguu gani?"

Alimpandisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akamfunga kiunoni kwa kamba ile ile ya kufungia vifurushi, na akaisukuma baiskeli kilimani. Hakuthubutu kuipanda. Kifua kilimwaka, na katikati ya mlima alisimama akidhani moyo unasimama pamoja naye. Bibi alikuwa ametulia huko nyuma, amekumbatia mkoba wake.

"Ujue tu," alisema, "hata ukinibeba hivi, sitakwambia nampigia nani."

"Sijakuuliza, Bibi."

"Nakwambia mapema."

Walipofika zahanati, askari alikuwa anatembea kuelekea mwisho wa foleni. Utaratibu ni kwamba ikifika saa kumi anasimama nyuma ya mtu wa mwisho, na atakayekuja baada yake hapigi kura. Stempu alifungua kamba kwa meno. Bibi alikanyaga chini, akachechemea hatua sita, akashika bega la mtu wa mwisho. Askari akasimama nyuma yake. Stempu alikaa chini kwenye majani, pembeni ya baiskeli, na hakujua kama anacheka au analia mpaka alipoonja chumvi.

Kesho yake asubuhi matokeo yalisubiriwa uwanjani mbele ya ofisi ya kata. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Walisema kura zinahesabiwa upya kwa sababu zimekaribiana. Stempu alisimama karibu na ukuta, nyuma kabisa. Mkewe alimletea chai kwenye kikombe cha plastiki, na ikapoa mkononi. Mwalimu alimwona mara moja kwa mbali, akampungia, akarudi ndani. Alikuwa amezunguka vituo vya mbali siku nzima na alisikia juujuu tu kwamba Mtaa wa Juu kulikuwa na vurugu, ya barua zilizowapeleka watu kituo kisicho chao. Stempu hakuwa amemwambia kitu. Usiku alijisemea atamwambia asubuhi, na asubuhi alijisemea atamwambia matokeo yakitoka.

Saa tano msimamizi alitoka na karatasi. Bwana Lori, kura mia tisa sabini na nane. Msimamizi akameza mate, mpumbavu yule, kana kwamba hatukuwa tunakufa. Mwalimu, kura mia tisa themanini na saba.

Uwanja ulilipuka. Vigelegele, filimbi, masufuria yanagongwa, watu wanakumbatiana na watu wasiowajua. Mwalimu alinyanyuliwa juu juu, kiatu kikamtoka, akawekwa kwenye meza na kukabidhiwa kipaza sauti. Stempu aliangusha kikombe. Kura tisa! Kwa dakika moja nzima alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani. Fundi cherehani alimpigia kigelegele usoni kwake.

"Ndugu zangu," Mwalimu alisema, sauti imekwaruza, "ushindi huu mmeuokota kutoka kwenye mdomo wa simba. Kuna mtu aliwatumia watu wetu wa Mtaa wa Juu barua za uongo. Barua zenye jina langu! Ziliwapeleka kituo kisicho chao, ili wakate tamaa. Tunajua anayefaidika ni nani. Na huyo mtu tutamtafuta mpaka tumpate!"

Watu wa mitaa mingine walipiga kelele. Watu wa Mtaa wa Juu hawakupiga. Waligeuka, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Stempu.

Pembeni ya meza alikuwa wakala wa Bwana Lori, kijana mwembamba wa shati la mikono mirefu, anakusanya makaratasi yake. Mtu akamsukuma bega. Mwingine akamwuliza, "Ni wewe?" Karatasi zikamwanguka. Wanaume watatu, wanne, wakamzunguka, na kelele zikabadilika, zikaacha kuwa za furaha. Kijana alisema hajui lolote, hajui barua yoyote, na kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kumsogelea.

Fundi cherehani alimpisha tu Stempu njia.

Sijui alifikaje pale mbele. Yeye mwenyewe hakumbuki. Anakumbuka kuivuta suruali ya mtu ampishe, kisha kuona miguu ya mpwa wake juu ya meza, mmoja una kiatu, mmoja hauna. Alinyoosha mkono. Mwalimu, akidhani anataka kupongezana naye, alicheka na kumpa kipaza sauti. "Mjomba wangu!" alisema. "Tarishi wetu!"

"Mwacheni huyo kijana," Stempu alisema. Spika zikalia kwa mkwaruzo, akaanza upya. "Mwacheni. Hakuna adui aliyeandika zile barua. Ziliandikwa sebuleni kwa Mwalimu, zikiwa za zamani, kabla kituo hakijabadilishwa. Mwalimu aliniambia nifungue moja nihakikishe. Sikufungua. Nikazigawa zote mimi mwenyewe. Mtaa wa Juu wanajua, nimewaambia jana. Nilikuwa sijamwambia yeye."

Waliokuwa wamemshika kijana walilegeza mikono. Stempu hakuinua kichwa kumwangalia Mwalimu. Kitu pekee alichokiogopa tangu jana kilikuwa juu ya meza ile, hatua moja kutoka kwake.

Kisha kipaza sauti kikachukuliwa mkononi mwake, polepole.

"Basi nimemsingizia mtu," Mwalimu alisema mbele ya watu wote, na sauti yake ilikuwa ya darasani, ile ya kukiri ubaoni kwamba amekosea hesabu. "Sina hata dakika kumi za udiwani, nimeshamsingizia mtu. Wewe kijana, naomba radhi. Bwana Lori naye nitamwomba mwenyewe, kwake. Mwokoteeni karatasi zake."

Watu waliinama wakaokota. Mtu akajaribu filimbi, wa pili akamfuata, na sherehe ikaanza kurudi taratibu. Mwalimu alishuka mezani, akamsogelea mjomba wake hadi nyuso zikakaribiana. Macho yalikuwa mekundu.

"Jambo moja tu nilikuomba, Mjomba. Moja."

"Najua."

"Jana ulijua, hukuniambia. Leo uliniona, hukuniambia. Nimesimama pale juu nadanganya watu kama kasuku, kijana wa watu karibu apigwe, na wewe umeegemea ukuta."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi? Wewe?" Alifuta pua kwa kiganja. "Ningeshindwa kwa kura tisa ningekuchukia mpaka nakwenda kaburini. Sasa nimeshinda, na hasira bado ninayo yote, sijui niipeleke wapi."

"Ilete kwangu, mwanangu."

"Naileta. Usidhani nimemaliza."

"Sidhani."

Huko nyuma walikuwa wanamwita. "Mheshimiwa! Mheshimiwa, njoo huku!" Akageuka kwenda. Lakini alikuwa amemshika mjomba wake kifundo cha mkono, na hakukiachia. Alimvuta katikati ya watu, kwa nguvu hata kikamuuma, na mzee akafuata.